Ndege Aliyehesabiwa Akiwa Hai

Gibbie Mouat alipita mbele ya dirisha langu la jikoni kichwa wazi, kofia ameishika mkononi kama mtu aliyesahau kofia ni ya nini. Nje upepo ulikuwa haujapumzika tangu juzi yake, na majani yote ya malishoni yalikuwa yamelala upande mmoja. Begani alikuwa na mfuko wake wa turubai. Ndani ya mfuko, bila hata kuangalia, nilijua mna mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo.

Nilimwacha afike langoni, kisha nikamfunga Osla mgongoni kwa shali ya sufu, nikavaa mabuti ya mpira, nikatoka.

Nilikuwa nimetumwa. Wilma, binti yake anayekaa mjini Lerwick, alikuwa amenipigia simu baada ya Krismasi. Mimi na Wilma si rika moja. Yeye ana watoto wanaonyoa ndevu, na Osla wangu hajaota hata jino. Lakini nyumba yangu na ya baba yake zinatazamana, katikati ni ukuta wa mawe na kondoo wake tu.

"Leena," akaniambia, "tembea naye, ila usimwambie nimekutuma. Tangu mama afe simwelewi. Nikimuuliza umekula, anasema ndiyo. Nikimuuliza umekula nini, kimya. Nimempatia nyumba huku, zile za wazee, ukianguka unavuta kamba kengele inalia. Nakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wewe ndiye utakayeniambia kama bado anafaa kutembea kule magengeni. Ukisema hafai, naondoka naye siku hiyo hiyo."

Nikasema sawa. Nilisema haraka mno, kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Nilimfikia Gibbie pale njia inapoanza kupanda.

"Wilma amekutuma," akasema bila kugeuka.

"Hapana. Mtoto halali ndani. Akipigwa na upepo analala."

"Aa."

"Kweli, mzee Gibbie."

"Nimesema aa, mwanangu. Sijasema mwongo."

Zamani angesema mwongo. Angelisema kwa sauti ambayo kondoo wa upande wa pili wangeinua vichwa. Maisha yake yote ya kazi Gibbie alikuwa mfunga kamba kwenye feri yetu, na hakuna gari lililopanda feri ile bila kusemwa. Mchungaji alipokuja mara ya kwanza, Gibbie alimwambia apande kinyumenyume, ili akishaona kisiwa chetu na kutaka kukimbia asipate shida ya kugeuza gari. Mkewe, Baabie, alikuwa akisema hahitaji saa. Akimsikia Gibbie anamtukana dereva upande wa pili wa maji, anajua ni wakati wa kutia viazi chunguni.

Kazi ya ndege waliianza wote wawili, mwaka yalipomwagika mafuta ya meli na fukwe zetu zikawa nyeusi. Waliookota ndege mwaka ule walikuwa wengi. Waliobaki kuokota mafuta yalipokwisha ni Gibbie na Baabie. Kila mwezi mtu anatembea kipande chake cha ufuko, anahesabu waliokufa, anawatazama vifua kama vina mafuta, halafu watu wa ndege wa mjini wanapigiwa simu. Na kila uliyemhesabu unamkata manyoya ya ncha ya bawa la kushoto, manyoya tu, si mfupa, ili bahari ikimchukua na kumrudisha mwezi ujao usimhesabu tena.

Walikuwa wamegawana. Gibbie alishuka chini na mkasi. Baabie alikaa juu gengeni na chupa ya chai, akihesabu walio hai. Jioni walibishana juu ya hesabu zao mpaka sisi majirani tukasikia.

Baabie alikufa mwezi wa tisa, kwenye kiti chake karibu na moto, sindano za kufumia zikiwa bado mikononi. Gibbie alikuwa ametoka dukani. Alikaa akamsimulia habari za dukani zote bila kujua, akamwekea chai karibu, na chai ikapoa.

Basi tukapanda. Huko juu upepo hauvumi, unasukuma. Inabidi uulalie, na ukikoma ghafla unaanguka mbele. Ndege tunaowaita maali walikuwa wamejaa ukingoni. Wanafanana na shakwe kwa mbali, lakini maali hapigi bawa. Ananyoosha mbawa kama mtu aliyebeba ubao, upepo unamshika pale pale usawa wa uso wako, na anakutazama kwa jicho moja jeusi. Chini yetu wengine walikuwa wameshakaa wawili wawili kwenye vijishimo vyao, wakipigiana kelele kama kuku walioingiliwa bandani. Mnandi mmoja alikuwa amesimama juu ya mwamba na mbawa zake wazi, sijui alitegemea kukauka vipi.

"Maali wamerudi wengi," nikasema.

"Ndiyo."

"Mwaka jana walikuwa hivi?"

"Sijui. Maali alikuwa akihesabu Baabie."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa.

Alikuwa anatembea ukingoni. Si ujasiri. Njia ilikuwa hapo, naye akaifuata, na pale njia ilipomeguka ikaanguka baharini akaendelea vivyo hivyo, buti moja likikanyaga majani yanayoning'inia. Upepo ukaichukua kofia mkononi mwake. Niliiona ikipaa, ikapita juu ya maali, ikaenda. Yeye hakutazama hata ilikoenda.

"Mzee Gibbie, njoo huku."

"Wapi?"

"Huku kwangu. Ndani kidogo."

Akaja. Alikuja kama kondoo anavyokuja, kwa sababu ameitwa.

Ufuko tunaouhesabu uko mwisho wa magenge, kwenye pango la bahari lisilo na paa, kuta pande mbili na mawe ya duara chini. Tuliposhuka, upepo ukabaki juu na masikio yangu yakaanza kuuma kwa ukimya. Ndege waliokufa walikuwa wengi. Dhoruba ndefu hufanya hivyo. Ndege hawaoni samaki, wanakonda, na bahari inawatupa. Wengi walikuwa longvi, wale weusi mgongoni na weupe tumboni, ambao wakiwa hai husimama wima kama wanaume waliovaa makoti wakisubiri mazishi yaanze. Sasa walikuwa wamelala katikati ya mwani, mmoja huku, mwingine kule, wawili wamelaliana.

Nilikaa nyuma ya jiwe, nikamfungua Osla, nikamnyonyesha. Niliusikia mkasi. Gibbie alikuwa akiinama, anashika, anageuza, anatazama kifua, mkasi unalia, anamtupa juu ya mstari wa mwani. Anainama, anashika. Ulikuwa mwendo wa mtu anayekata manyoya ya kondoo siku nzima, akili imeshakwenda nyumbani na mikono imebaki kazini. Osla alikuwa akinyonya kwa mwendo huo huo. Nikawa nawasikiliza wote wawili.

Ndege mmoja aliangukia karibu na buti langu. Nilimtazama kwa sababu alikuwa hapo tu. Mguu wake ukajikunja. Nikafikiri ni uzito wake unakaa sawa. Kisha jicho likafumba, likafumbuka.

"Mzee Gibbie. Huyu yu hai."

Akaja na mkasi mkononi. Akasimama juu yake. Longvi akafungua mdomo bila sauti.

"Nimeshamhesabu," akasema Gibbie.

"Lakini anapumua."

"Naona."

"Sasa?"

Akamtazama ndege, akautazama mkasi, na bawa lile ambalo ncha yake ilikuwa imekatwa wima kama ufagio. Osla aliacha ziwa akaanza kucheza na kifungo changu. Ndipo Gibbie akapiga magoti, akamwokota yule ndege kwa mikono miwili, akafungua koti lake na kumtia ndani ya sweta. Ilikuwa sweta ya Baabie, namaanisha aliyoifuma Baabie.

Tulipanda na upepo ukitupiga usoni. Njia ile ni nyembamba, na Gibbie alikuwa na mkono mmoja tu wa kujishikia, wa pili umeshika kifua. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakukosea hatua hata moja. Huko juu niliona kitu chekundu kinamdondoka kidoleni.

"Anakuuma."

"Nani?"

"Ndege! Damu inakutoka, mzee Gibbie."

Akatoa mkono, akautazama pande zote mbili.

"Aa," akasema. Akaurudisha ndani.

*

Mimi sikumwambia mtu ila Robbie, mume wangu, na Robbie namwamini. Aliyemwambia kisiwa kizima ni Gibbie mwenyewe. Kesho yake aliingia dukani kwa Ina kuuliza kama ana samaki wadogo wa barafu. Ina akamuuliza tangu lini anakula samaki wa barafu, mtu ambaye anaweza kwenda gatini na ndoana. Gibbie akajibu, mbele ya watu, kwamba si wake, ni wa longvi, amemkata bawa akidhani amekufa, hawezi kuruka tena mpaka manyoya yale yanyonyoke, yaote mapya.

Ina si mtu wa kuachia neno kama hilo liende. Siku mbili dukani haikusemwa habari nyingine.

"Msisinzie hapa kwenye benchi," alikuwa akiwaambia wazee wanaosubiri feri. "Gibbie akipita na mkasi, mtaamka hamna mikono."

"Mimi nimemwambia mke wangu anifinye kila asubuhi," akasema mmoja, "nikipiga kelele ampigie simu Gibbie amwambie bado."

Gibbie akiingia walinyamaza, wakangoja awajibu. Walikuwa wanamchokoza kwa kumpenda, nafikiri, kama unavyomtikisa mtu aliyelala kupita kiasi. Yeye alichukua samaki wake, akasema asante, akatoka. Ina akabaki ameshika kitasa cha droo. "Hata kunitukana," akasema. "Hata 'mjinga wewe' hakuna."

Longvi alikaa bandani kwa Gibbie, kwenye kreti la samaki, karibu na lundo la mboji ya kuchoma, ule udongo mkavu tunaoutia motoni badala ya kuni. Nilikuwa nakwenda asubuhi na jioni, na Osla mgongoni. Samaki unamkata vipande vyembamba, unamfungua ndege mdomo, unasukuma kipande mpaka nyuma. Siku ya kwanza alitema. Siku ya pili alimeza. Siku ya tatu Gibbie alimtia kwenye karai la maji ya bahari, naye akaoga, akamlowesha Gibbie, akanguruma. Longvi ananguruma kama mlango mzito. Osla alicheka mpaka akapata kwikwi.

"Ataishi?" nikauliza.

"Akikaa hapa, hapana. Manyoya yanaharibika, maji yanaingia, anakufa kwa baridi. Akienda baharini, labda. Kila mwisho wa kiangazi longvi wote wananyonyoka mbawa, wanakaa majini bila kuruka. Wanaogelea tu, wanazamia. Huyu amenyonyoka mapema. Nimemnyonyoa mimi."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyasikia kwake tangu mazishi. Nikataka aendelee. Nikasema, "Basi si vibaya sana."

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipande cha samaki kidoleni.

"Mwezi wa kumi nilikata pia," akasema. "Na wa kumi na moja. Na wa kumi na mbili. Hukuwepo wewe."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilimshika Osla mguu pale mgongoni, sijui kwa nini, nikaubana.

"Walikuwa wamekufa," nikasema.

"Nani aliangalia?"

"Wewe uliangalia."

"Mimi nilikata," akasema Gibbie. Akamfungua ndege mdomo, akasukuma samaki. Uso wake ulikuwa vile vile. Nilingoja kitu kimtoke, machozi, hata tusi, hakikutoka. Nikachukua karai, nikaenda kumwaga maji.

*

Wilma alifika Jumapili kwa feri ya asubuhi. Upepo ulikuwa umelala usiku na bahari imekuwa nzito, laini, ya rangi ya bati. Nilikuwa nimeleta supu ya nyama ya kondoo iliyokaushwa na viazi, nimeiweka mezani kwa Gibbie, nataka kuondoka. Wilma akanishika kiwiko akanikalisha.

"Baba, watu wa feri wameniambia. Sijafunga hata breki ya gari wameshaniambia."

"Wamekuambia nini?"

"Umemkata ndege hai."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Bawa la kushoto."

"Sijakuuliza bawa gani!" Akanigeukia. "Leena, ulikuwepo. Sema wewe."

Nikasema. Niliitazama supu nikasema yote, kofia ilivyokwenda na yeye asigeuke, buti lilivyokanyaga majani yanayoning'inia, damu asiyoisikia. Gibbie alikuwa akila. Na nikasema pia kwamba alipanda njia ya pango kwa mkono mmoja, upepo usoni, ndege kifuani, na hakuteleza.

"Sasa anafaa au hafai?"

"Peke yake, hafai, Wilma."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kumsema mtu mzima mezani kwake kama yeye ni kiti. Gibbie alipaka mkate siagi.

"Umesikia, baba. Basi twende tukapakie. Leo."

"Haya," akasema Gibbie. Akanyanyuka, akaanza kutazama juu ya kabati lilipo begi.

Wilma hakunyanyuka. Alibaki amekaa, mikono mezani, koti lake la mjini bado limefungwa vifungo.

"Haya? Unasema haya?"

"Si umesema twende."

"Nimekuja njia nzima najiandaa, baba. Nilijua utaniita mwizi. Nilijua utasema nikutoe ukiwa ndani ya sanduku. Nimeshakujibu yote humo garini, peke yangu, watu wananitazama! Na wewe unaniambia haya?"

"Nikuite mwizi kwa nini?"

"Kwa sababu nakutoa nyumbani kwako!" Akatoa kitambaa, akapenga kwa nguvu. Gibbie alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa mtu mwingine anayelia dukani.

"Ila kuna ndege," akasema. "Lazima aende majini leo. Kesho upepo unarudi."

Wilma alivaa mabuti ya Robbie, makubwa, akawa anayaburuta. Gibbie alibeba kreti. Hatukwenda kwenye pango, tulikwenda upande wa pili wa magenge, ambako kuna mteremko mpaka kwenye maji yaliyotulia. Lakini kufika huko unapita juu kwanza, na tulipotokea juu tukasimama wote bila kuambiana.

Longvi walikuwa wamerudi. Hufanya hivyo katikati ya baridi, asubuhi moja ya utulivu, wanatoka baharini wote wanakuja kusimama kwenye ngazi zao za jabali, kama watu waliokuja kuangalia nyumba zao kama bado zipo, na kabla ya mchana wanaondoka. Genge zima lilikuwa jeusi na jeupe. Kelele zilikuwa zinapanda kutoka chini kama za watu walio ukumbini mlango umefungwa. Yule wa kwenye kreti akanguruma.

Gibbie alisimama na kreti mikononi, akitazama tu.

"Hatuhesabu?" nikauliza.

"Mimi si wa hawa, walio hai," akasema.

Basi Wilma akaanza. Alinyoosha kidole akahesabu kwa sauti, kwa makumi, haraka haraka, pua bado nyekundu. Alifika ngazi ya tatu, akapotea, akarudia.

"Unahesabu nini?" akauliza Gibbie.

"Ndege."

"Ndege gani? Hao ni maali, Wilma! Umehesabu maali safu nzima. Umehesabu na jiwe."

"Jiwe lipi?"

"Lile pale. Halijaruka tangu uzaliwe, unategemea liruke leo?"

"Mimi nimeliona kama ndege!"

"Macho hayo umeyatoa wapi? Mama yako alikuwa na macho."

Ilikuwa ile sauti ya feri. Si yote, kipande chake tu, na ikaisha pale pale. Akahamisha kreti toka mkono huu kwenda ule, akaendelea na njia. Wilma aliniangalia. Niliona kwamba baba yake alipita ndani, si ukingoni, na kwamba alimngoja Wilma na mabuti yake kwenye sehemu yenye utelezi.

Kwenye maji aliingia mpaka magotini, akaliinamisha kreti. Longvi alitoka kifua mbele. Akakaa juu ya maji, akatikisa mkia, akatia kichwa ndani akakitoa. Bawa la kushoto lilikuwa fupi, tuliliona wote. Kisha akazama. Tulingoja. Akatokea mbali kuliko tulivyotazamia, mdogo mweusi, wimbi likamficha, likamwonyesha, likamficha. Baada ya hapo kila kilichokuwa cheusi majini nilidhani ni yeye.

Njiani kurudi Wilma akasema, "Leo sipakii."

"Haya."

"Usiseme haya!"

"Nisemeje?"

"Sema unataka nini. Kitu kimoja tu, baba. Chochote."

Gibbie akatembea. Tulipita zizi la kondoo, tukapita ukuta ulioanguka. Nilidhani amesahau ameulizwa. Alipofika langoni kwake akaweka mkono juu ya mti wa lango.

"Sitaki kengele ya kuvuta kamba," akasema.

"Basi," akasema Wilma. Alikaa akiutazama ule mkono. "Basi. Lakini kuhesabu, huendi peke yako. Leena akiwa hawezi, huendi. Na mkasi unalala kwa Leena. Siku nitakayosikia umepanda peke yako nakuja na gari, na utaniita mwizi au hutaniita, nakuchukua."

"Mkasi ni wangu."

"Unalala kwa Leena."

Gibbie akanitazama, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua nipo. "Uupake mafuta," akaniambia. "Usiache ushike kutu."

*

Mwezi uliofuata tulikwenda wiki ya pili, baridi kali, upepo wa kaskazini. Hakusema sana njiani. Kwenye magenge nilimwonyesha maali, akasema ndiyo. Kule chini, dhoruba ilikuwa imetupa ndege tena.

Nilimnyonyesha Osla kwanza nyuma ya jiwe, kisha nikamfunga mgongoni, nikampa Gibbie mkasi. Akauchukua. Akaenda kwenye ndege wa kwanza, akapiga magoti, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya kifua chake. Akakaa hivyo. Akabadilisha mkono, akakaa tena.

"Vipi?" nikauliza.

"Sisikii kitu," akasema. "Mikono yangu haisikii. Sijui ni ndege au ni mimi." Akanyoosha vidole mbele yangu, vyeupe, vimekakamaa. "Wako ni wa moto. Umetoka kumshika mtoto. Shika wewe."

Nikapiga magoti kwenye mawe. Nikamwekea longvi mkono chini ya mbawa, pale ambapo manyoya ni laini. Alikuwa baridi mpaka ndani.

"Amekufa."

Gibbie akakata. Tukaenda kwa wa pili.

"Huyu?"

"Amekufa."

Akakata. Ilikuwa kazi ya polepole sana. Zamani angemaliza ufuko wote kabla maji hayajaanza kupanda, na sasa maji yalikuwa yanakuja na hatujafika hata nusu, na baadhi yao wimbi lilishaanza kuwachukua bila kuguswa. Hakuharakisha. Hakunihimiza. Alikuwa akinifuata kwa magoti, kutoka ndege hadi ndege, na uso ule ule.

"Huyu?"

Niliweka mkono, lakini mkono wangu nao ulikuwa umeshapoa, sikuwa na hakika. "Ngoja," nikasema. Nikautia ndani ya sweta, kwenye tumbo langu, nikaubana pale mpaka ukaanza kuchoma. Osla alikuwa analala, nilisikia pumzi yake shingoni. Gibbie alingoja na mkasi wazi, macho kwenye yule ndege, hakutazama pengine.

Nikautoa mkono, nikauweka tena.

"Amekufa," nikasema.

Akakata.